Mama Akiulizwa Vizuri

Mhadhara juu ya pombe na mimba, kwa wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, Tononoka, Mombasa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na kwa yeyote aliyebaki katikati, hamjambo.

Wazee wangu nawapa shikamoo. Kina mama wenzangu, walimu, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliovuka feri alfajiri kutoka Likoni, karibuni. Feni hii ya kushoto haifanyi kazi leo. Anayeungua asogee huku, tubanane.

Nianze na kijana mmoja. Wakati huo nilikuwa kwenye kituo cha tathmini, mahali ambapo mzazi hufika na barua ya mwalimu mkuu imekunjwa mara nne, ikisema kwa adabu kwamba mtoto amewashinda. Huyu aliletwa na nyanyake. "Mwalimu," akaniambia, "huyu ukimtuma unga, ataleta unga. Ukimtuma unga na chumvi, unga utafika, chumvi itabaki njiani. Ukimtuma unga, chumvi na mafuta ya taa, mngoje mpaka magharibi."

Nikaandika. Umri, miaka 9. Darasa la pili, mara ya tatu. Jana anajua saba mara sita, leo ukimuuliza anakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, kesho kutwa anaijua tena. Shuleni walidhani anawachezea, wakamchapa kwa kusahau, kisha wakamchapa kwa kukumbuka. Rafiki yeyote akimwambia twende, anakwenda. Darasa likipiga kelele, anaingia chini ya dawati.

Nikauliza maswali yangu yote. Alilia alipozaliwa? Alipata degedege? Malaria ya kichwani? Aliwahi kuanguka? Nikajaza kila mstari, na swali moja nikaliruka, kwa sababu aliyekaa mbele yangu alikuwa mwanamke mtu mzima, amejitanda leso, tasbihi mkononi, nami nikaona haya. Miaka miwili baadaye akamleta mdogo wa yule kijana, dalili zilezile. Ndipo akanieleza mwenyewe kwamba binti yake alikuwa akiuza mnazi mangweni, na muuzaji huonja kabla mteja hajaonja, na kilichobaki jioni hakimwagwi. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile ya kwanza. Akasema, "Kwani uliniuliza?"

Nimekuja hapa leo kwa sababu ya jibu hilo.

Tatizo lenyewe kwa Kiingereza huandikwa kwa herufi nne, FASD. Mimi nitaliita athari za pombe tumboni, mpaka mabingwa wa lugha watuletee jina zuri zaidi. Mama akinywa, pombe hupita kwenye kondo ikamfikia mtoto kwa njia ya kitovu. Ini la mtoto bado changa, halina nguvu ya kuivunja, na maji anayoogelea ndani yake nayo huipokea. Ubongo hujengwa miezi yote tisa. Ndiyo maana madaktari hawana mwezi wanaoweza kuutaja kuwa salama, wala kiasi, wala aina. Mnazi mtamu wa asubuhi una pombe kidogo, kweli, lakini adhuhuri ikifika umekwisha kuchacha, na nani hapa anayekunywa asubuhi akaacha? Na ile habari ya bia nyeusi kuongeza damu, kina mama, damu huongezwa na mchicha, maharagwe, na vile vidonge vya kliniki mnavyovificha chini ya godoro.

Watoto wachache huwa na alama usoni: macho yaliyo mafupi kutoka kona hadi kona, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kimesawazika. Wengi zaidi hawana alama yoyote. Ukiwapanga na wenzao kwa picha ya shule hutawajua.

Kabla hatujamnyooshea mama kidole, sikilizeni hili. Miaka ya 1960 na 1970, Marekani na kwingineko, madaktari wenyewe walikuwa wakiwatundikia wajawazito dripu ya pombe ili kuzuia uchungu wa kabla ya wakati. Nilipolisoma nilirudia ukurasa mara mbili. Wasomi wa koti jeupe walikuwa hawajui, sembuse binti wa mangweni.

Mwaka 1968, mjini Nantes, Ufaransa, daktari Paul Lemoine na wenzake waliandika kuhusu watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi. Waliandika kwa Kifaransa, katika jarida la mkoani, na dunia ikapita. Miaka mitano baadaye, 1973, Kenneth Lyons Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walichapisha habari za watoto 8 tu katika jarida la The Lancet, watoto wasio na udugu, wa asili tatu tofauti, wote mama zao wakiwa wametawaliwa na pombe. Mara hii dunia ikageuka. Ila aliyewatangulia hapo Seattle ni daktari kijana wa watoto, Christy Ulleland, aliyekuwa akiona vichanga wasionenepa hata wakilishwa, akafuatilia habari za mama zao mpaka akakuta pombe. Yeye aliuliza.

Sasa, daktari akishatoa jina, huenda zake kwa mgonjwa mwingine. Anayebaki na mtoto saa nane za usiku ni mzazi, na mashirika ninayotaka kuyazungumza yalitokana na watu wa saa nane za usiku. Bonnie Buxton, mwandishi wa habari wa Toronto, Kanada, na mumewe Brian Philcox, walikuwa wameasili binti mwenye tatizo hili. Pamoja na Teresa Kellerman wa Arizona, naye mama wa kuasili, wakaamua kwamba tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1999 watu wasimame kidogo waikumbuke miezi tisa ya mimba. Wakachagua na wakati, 9:09 asubuhi, kengele zikapigwa kufuatana na jua kuanzia New Zealand. Mpaka leo siku hiyo huadhimishwa. Sisi Waswahili hesabu yao inatutia taabu, maana saa hiyo kwetu ni saa tatu na dakika tisa. Wao wana tisa nne, sisi tuna tisa tatu na tatu moja. Si neno. Mimba ni miezi mitatu mara tatu, tutajitetea hapo.

Marekani lipo shirika lililoanzishwa 1990 kwa jina la NOFAS, siku hizi linaitwa FASD United. Hufundisha walimu na mahakimu, hupokea simu za wazazi waliochoka, husukuma sheria. Kubwa kwangu ni mtandao wa kina mama ulio chini yake, Circle of Hope. Hawa ndio waliowazaa watoto hawa, wakasimama wakasema: mimi nilikunywa, na huyu ni mwanangu. Mzazi wa kuasili anaweza kulizungumza jambo hili asubuhi hadi jioni, hana la kuficha. Mama mzazi akilisema, chumba kizima hunyamaza, na mama mwingine aliyekaa nyuma huanza kufikiri kwamba labda naye ataishi akisema. Kanada wana CanFASD, mtandao wa watafiti ulio na kamati ya wazazi ndani yake, watafiti wasijipangie maswali peke yao. Uingereza na Australia nako kuna yao. Sitawamalizia saa kwa majina.

Lakini Australia nina mahali pamoja nataka tupakalie kitako.

Fitzroy Crossing ni mji mdogo wa wenyeji asilia, kaskazini-magharibi kabisa. Pombe ilikuwa imewala. Vijana walijiua, mazishi yalifuatana. Mwaka 2007 wanawake wa pale, wakiwamo June Oscar na Emily Carter, walipigania pombe yote, isipokuwa bia hafifu, ipigwe marufuku kuuzwa ya kubeba nyumbani. Walitukanwa, na waliowatukana wengine ni ndugu zao. Wakashinda. Wangeweza kuishia hapo. Badala yake wakajiuliza: na hawa watoto ambao tayari wamekwisha kuzaliwa? Wakawaita watafiti wa Sydney waje wawapime. Hebu lishikeni neno hilo, wakawaita. Sisi tumezoea mtafiti aje na gari jeupe, agawe sabuni, achukue damu, tusimwone tena. Hawa walichagua wenyewe jambo la kupimwa, wakakaa na familia moja moja kuomba idhini, na utafiti wakaupa jina kwa lugha yao, Lililwan, yaani watoto wote wadogo. Walipopima watoto wa miaka saba na minane, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo hili. Makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa 2017 ni karibu watoto 8 kwa kila 1,000.

Mji mwingine ungeificha namba hiyo. Hawa waliitoa, kwa sababu ilikuwa yao, na kila mtoto aliyepimwa alirudi nyumbani na mpango wake wa matibabu na wa shule. Mama alisema kweli kwa sababu anayemuuliza ameletwa na shangazi yake, na kwa sababu kweli yake ingemletea mtoto kitu.

Karibu nasi zaidi ni Afrika Kusini. Kwenye mashamba ya mizabibu ya Western Cape, kwa vizazi, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Desturi hiyo ilipigwa marufuku, kiu ikabaki. Katika baadhi ya miji ya huko watafiti wamekuta zaidi ya watoto 100 kwa kila 1,000. Shirika la FARR, lililoanzishwa 1997, hupima watoto na vilevile hufuatana na wajawazito mpaka wajifungue, mjamzito mmoja mmoja, kwa majina. Ninawapenda kwa hilo la pili. Kuhesabu peke yake ni rahisi.

Haya, turudi Mombasa. Hapa aibu yetu ina sakafu mbili. Ya kwanza ni ya kila mahali, mama mlevi. Ya pili ni yetu: katika nyumba nyingi pombe ni haramu, kwa hiyo haipo, na kisichokuwepo hakiulizwi. Kumbe ipo Kisauni, ipo Changamwe, ipo Mtwapa usiku kucha, na ipo ndani ya chupa ya soda kwenye nyumba msizozidhania. Tena mabango yetu humtisha mlevi kwamba atakufa. Mama mjamzito si lazima awe mlevi. Anaweza kuwa msichana wa hoteli aliyekunywa Jumamosi tatu kabla hajajua kwamba siku zake zimepita.

Kwa hiyo nyinyi wa afya ya jamii, ombi langu. Msiulize "Unakunywa?" mbele ya mama mkwe. Hilo si swali, ni mashtaka. Tafuteni faragha, mwulizeni kila mjamzito, mwenye buibui na asiye na buibui, ili asiwepo anayeona amechaguliwa. Anzeni na wakati uliopita: "Kabla hujajua una mimba, ulikuwa ukitumia nini, mnazi, bia, sigara, muguka?" Mtu husema ya zamani kwa urahisi kuliko ya leo. Akijibu, msishtuke usoni. Mwambieni akiacha leo, mtoto anafaidika kuanzia leo. Na yule anayetetemeka asubuhi asipokunywa, msimwambie aache ghafla nyumbani, ni hatari kwake na kwa mimba. Mpelekeni hospitali. Baba naye aitwe. Mara nyingi ndiye aliyemnunulia, na akiendelea kunywa sebuleni huku akimkataza mkewe, tumefanya kazi bure.

Walimu, jibu hilo likifika kwenye faili la mtoto, linabadilisha kila kitu. Ann Streissguth, mwanasaikolojia wa Seattle, aliwafuatilia watu 415 wenye tatizo hili. Waliotambuliwa kabla ya miaka 6, wakalelewa kwenye nyumba iliyotulia, isiyo na vurugu, waliepuka zaidi kufukuzwa shule, jela na ulevi wao wenyewe. Dawa ya kuufuta udhaifu haipo. Ipo nyumba, na lipo darasa. Agizo moja kwa wakati mmoja. Picha ukutani: mswaki, sare, chai, begi, kwa mpangilio uleule kila siku. Mtoto mwenzake wa kumkumbusha. Akisahau, unamfundisha tena kama siku ya kwanza, bila kumkumbusha kwamba jana alijua.

Yule kijana wa unga na chumvi sasa ni mtu mzima. Yuko kwenye karakana ya seremala, anapiga msasa, kazi moja. Fundi wake humwandikia kwa chaki juu ya ubao kitu cha kufanya, akimaliza anakifuta, anaandika kingine. Hakuna aliyemfundisha fundi huyo. Nyanya alikwenda akamweleza mjukuu wake alivyo na kwa nini yuko hivyo, mbele ya wateja, na tasbihi yake mkononi.

Wazazi wanaotaka kuanza kukutana, tutabaki hapa baada ya swala, mlango wa nyuma, na hatuandikishi majina. Sasa maswali. Naona yule mzee wa pembeni amenyoosha mkono tangu nilipotaja mnazi.