Pembe Kwanza, Kompyuta Baadaye

Tunataka kompyuta itambue aina za barafu ya baharini kwenye picha za rada za setilaiti. Kwa nini barafu kuukuu, ile iliyopita kiangazi bila kuyeyuka, hung'aa kwenye rada wakati wa baridi mnajua: chumvi imeshachuruzika, yamebaki mapovu ya hewa yanayorudisha mwangwi. Ya mwaka wa kwanza bado ina chumvi, wimbi halizami, inatoka nyeusi zaidi. Hapo sikai.

Kinachowaangusha ni pembe ambayo wimbi la rada hugongea barafu. Picha pana ya Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, ina upana wa kilomita 400. Ukingo mmoja wimbi hugonga kwa digrii kama 19 kutoka wima, ukingo wa pili 47. Katika HH, yaani wimbi linalotumwa na kupokewa likiwa la mlalo, mwangwi wa barafu hushuka takriban desibeli 0.2 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mwangwi) kwa kila digrii. Zidisheni wenyewe: zaidi ya desibeli 5, na barafu ni ileile! Bahari yenye upepo ndiyo balaa. Upande wa pembe ndogo huizidi barafu kwa kung'aa, upande wa pili inafifia.

"Basi tusawazishe picha nzima kwa namba moja." Haiwezekani. Kila aina ina mteremko wake. Ukinyoosha barafu, maji yanabaki yameinama. Ipe kila aina mstari wake, wastani unaoshuka pembe inavyokua, ndipo uulize pikseli hii, yaani nukta hii ya picha, kwa pembe yake, iko jirani na mstari upi.

Haya, yupo wa kuniambia mtandao wa neva, programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, utajifunza wenyewe. Utajifunza nini? Chukueni Mlango wa Fram, ile bahari kati ya Greenland na Svalbard. Setilaiti ikishuka kuelekea kusini hutazama kuliani, yaani upande wa Greenland. Barafu kuukuu iletwayo na mkondo wa pwani ile huangukia ukingo wa pembe kubwa, kila safari. Mashine inakariri: pembe kubwa, barafu kuukuu. Ipelekeni bahari nyingine muone vituko! Na mkigawa pikseli za picha moja, nusu za kufundishia nusu za mtihani, alama zitapendeza. Mwanafunzi kaonyeshwa majibu.

HV, yaani wimbi linalotumwa la mlalo na kupokewa la wima, upesi: mwangwi wake ni dhaifu, kelele ya chombo huchora michirizi kwenye maungio ya vipande vitano vya picha. Ondoeni kelele hiyo kabla ya kugeuza kuwa desibeli, si baada.

Kiangazi? Theluji ikilowa, wimbi la rada hii, lenye urefu wa sentimita 5.5, linakwama juu, kuukuu na changa hazitofautiani. Hilo lina mengi, ila mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu.