Kiraka: safari ya Chancel Mbemba ugenini
Mhadhara kwa wachezaji vijana na wazazi wao, Kamalondo, Lubumbashi

Jambo yenu, wazazi wangu. Jambo, vijana.

Nianze na neno. Sisi hapa Lubumbashi, kwa mazoea ya Kifaransa, mchezaji anayeweza kupangwa popote tunamwita polivalenti. Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita kiraka. Nililisikia neno hilo enzi za Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu katika klabu yetu hapa, TP Mazembe, na halikunipendeza. Kiraka ni kitambaa cha kushonea suruali iliyopasuka. Nani anataka mtoto wake aitwe hivyo? Leo nalipenda. Aliyewahi kushika sindano anajua kwamba ukikata kiraka kwenye kitambaa kilichochoka, suruali inachanika tena palepale kwenye mshono. Kiraka lazima kiwe kigumu kuliko nguo yenyewe.

Kapiteni wetu wa timu ya taifa ya Kongo, Chancel Mbemba, alizaliwa Kinshasa mwaka 1994. Alikwenda Anderlecht akiwa kijana, na mwaka 2014 akawa bingwa wa Ubelgiji. Mwaka 2015 akahamia Newcastle ya Uingereza, 2018 Porto ya Ureno, 2022 Marseille ya Ufaransa, 2025 Lille, Ufaransa hukohuko. Mnamjua kama beki wa kati, na hapo ndipo kwake. Lakini Anderlecht walimtumia pia kama kiungo mkabaji. Newcastle, chini ya kocha Rafael Benítez, alipangwa beki wa kushoto, naye ni mtu wa mguu wa kulia. Porto, chini ya kocha Sérgio Conceição, zipo mechi alizocheza beki wa kulia.

Vijana, hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kuhama nafasi si kuhama hatua kumi tu uwanjani.

Beki wa kati anauona mchezo wote mbele yake. Mpira, wenzake, wapinzani, wote wako machoni. Msogeze mbele awe namba sita, yaani kiungo mkabaji, na nusu ya uwanja inahamia mgongoni. Sasa anapokea mpira huku mtu asiyemwona anamjia. Dawa yake ni shingo: aangalie nyuma kabla mpira haujaondoka mguuni mwa mwenzake. Akiangalia baada ya kuupokea, amechelewa.

Mpeleke pembeni, mambo yanageuka tena. Beki wa pembeni ana mstari wa chaki unaomsaidia kama ukuta: adui hawezi kumpita kwa kuutoa mpira nje ya uwanja. Lakini mstari huohuo unambana anapokuwa na mpira. Na mtu wa mguu wa kulia akiwekwa kushoto, kila mpira unamvuta ndani, kwenye msongamano. Lazima aupangie mwili wake mapema, afungue nyonga, au ajue kwamba leo krosi si kazi yake, kazi yake ni kufunga mlango. Mtu aliyeyapitia haya yote akirudi katikati ya ulinzi anajua mwenzake wa pembeni anateseka wapi. Anamsaidia kabla hajaitwa.

Ndiyo maana tarehe 1 Agosti 2020 haikunishangaza. Fainali ya Kombe la Ureno, mjini Coimbra, Porto na Benfica. Porto wamebaki kumi uwanjani baada ya kadi nyekundu. Wakashinda 2-1, na mabao yote mawili aliyafunga Mbemba, beki! Mwaka huo huo walishachukua ubingwa wa ligi, na mwaka 2022 wakauchukua tena.

Arthur Masuaku, mwenzake Mbemba wa timu ya taifa, naye mnamjua. Beki wa kushoto, lakini West Ham ya Uingereza walimpeleka mbele zaidi pembeni alipohitajika, na Desemba 2021 aliingia akitokea benchi akawafunga Chelsea bao la ushindi, 3-2.

Sasa niwaambie lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Miaka iliyopita nilikuwa nafundisha watoto Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Nilikuwa na kijana mmoja, namba kumi, yaani mchezeshaji wa mbele, mguu wa dhahabu. Siku moja beki wetu wa kushoto aliumia, nikamwomba aende kule kwa dakika ishirini. Alivua jezi, akaketi. Baba yake akaja kunigombeza: mwanangu si wa kuzibia matundu. Sikumlaumu mtoto. Nilijilaumu mimi, kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nimemwacha asimame mahali pamoja tu. Nilimfundisha kupiga mpira, sikumfundisha uwanja. Bado linaniuma.

Wazazi, sitawaficha upande wa pili. Kiraka anahamishwa hamishwa, na anayehamishwa ni rahisi kusahaulika. Kwa hiyo kijana awe kwanza na nafasi yake moja anayoijua kabisa, kisha aongeze ya pili, na ya tatu. Anayeweza kila mahali kidogo kidogo, bila kwao, anaishia benchi. Na ugenini benchi ni baridi sana. Hata Mbemba, pamoja na yote aliyoyafanya, msimu wa 2024-25 aliwekwa kando na klabu yake ya Marseille. Msimu mzima. Mtu wa miaka thelathini, kapiteni wa taifa, anafanya mazoezi bila mechi ya klabu.

Hakuacha kujitunza. Tarehe 13 Novemba 2025, mjini Rabat, Kongo na Kamerun, mchujo wa Kombe la Dunia. Sifuri kwa sifuri, dakika 90 zimeisha. Kona inapigwa, na beki wetu wa kati amesimama ndani ya boksi ya adui. Bao, dakika ya 91. Siku tatu baadaye Nigeria, 1-1, penalti. Ya mwisho, ya kuamua, aliipiga nani? Mlikuwa macho usiku ule, mnajua.

Kesho saa tisa tuko uwanjani, mje na maji ya kunywa. Namba kumi wote mtaanza beki wa kushoto. Mabeki watakuja katikati, nami nitasimama nyuma yao nikihesabu kila mmoja amegeuza shingo mara ngapi kabla ya kuupokea mpira. Wazazi wanaotaka kuangalia, karibuni.