Herufi Pana za Mviringo na Neno BARABARA

(Mhadhara kwa mafundi wa mabango na vijana wachoraji, Tanga)

Ndugu zangu mafundi, na ninyi wanangu mliokuja na kompyuta zenu, shikamooni kwa wakubwa, hamjambo kwa wadogo.

Herufi mnazozipenda siku hizi, zile pana, zilizoviringwa, zenye sura ya roketi, zina ukoo wake. Mwaka 1952 kiwanda cha herufi cha Nebiolo, mjini Torino, Italia, kilitoa Microgramma, kazi ya Alessandro Butti na Aldo Novarese. Zilikuwa herufi kubwa tupu, kama jina la khanga. Miaka 10 baadaye Novarese akatoa Eurostile, yenye herufi ndogo pia. O yake si duara la sahani. Ni umbo la kioo cha televisheni za enzi zile, mraba uliolainishwa pembe. Waliokuja nyuma wakaviringa zaidi, mpaka A ikapoteza ncha, ikawa U iliyopinduliwa yenye mstari katikati.

Hapo kwenye A ndipo ninapotaka tukae.

Kiswahili kimejaa A kuliko herufi nyingine yoyote. Ukichagua fonti, yaani mtindo wa herufi, ya kuandikia Kiswahili, umechagua A yake, zilizobaki zinaifuata. Sasa tazameni ubaoni. Nimeandika BARABARA kwa A ile ya mviringo. R nayo imeviringwa kichwa, B imeviringwa, na unene wa mistari ni mmoja. Ukiwa hapa mbele unasoma vizuri. Nendeni pale mlangoni: mnaona safu ya matundu manane. Na sisi watu wa Ngamiani, hapa Tanga, mitaa yetu ni Barabara ya ngapi na ya ngapi, na msomaji wetu anapita juu ya baiskeli! Kwa kibao cha mtaa, rudisheni A yenye ncha. Andika BAGAMOYO kwa herufi hizohizo, zile O mbili na G zinapendeza kweli, lakini bado A ndiyo itakayoamua.

La pili ni upana. Maneno yetu ni marefu. WATENGENEZAJI ni herufi 13, bango halitoshi, na kijana anashika kona ya neno kwenye kompyuta analibana. Msifanye hivyo, nawaomba. Nguzo za herufi zinakonda, mistari ya kulala inabaki minene, na ule utulivu wote wa fonti unapotea. Jina fupi la duka lipewe herufi pana. Maelezo yaandikwe kwa herufi za kawaida.

Halafu O. Ikilingana sawasawa na N kwa rula, jicho huiona imedumaa. Iache ivuke kidogo mstari wa kuandikia, juu na chini. Wazee wetu wa brashi walilifanya hili kwa mkono tu.

Nimekuja na karatasi na rangi. Kila mmoja aandike jina la mtaa wake, tuzibandike ukuta wa nje, tuvuke upande wa pili tuzisome.