Mama Aliyebaki Shambani

Bwana asifiwe. Nawashukuru akina mama kwa kunialika.

Tukisimulia asili ya Kanisa la Mennonite Tanzania, huwa tunaanzia Shirati, mwaka 1934, wamisionari walipofika kutoka Lancaster, Pennsylvania, Marekani. Jina la Elam Stauffer, mmoja wao, wengi wenu mmelisikia tangu utotoni. Leo naomba tumkumbuke mama ambaye hakuja, yule mke wa mkulima aliyebaki kulekule Lancaster. Simtaji jina kwa sababu walikuwa wengi, na maisha yao yalishabihiana sana.

Tuseme alizaliwa mwaka 1908. Wamennonite walianza kulima eneo lile mwaka 1710, kwa hiyo alikuta ardhi iliyokwisha zoea majembe ya wazee wake. Shule kidogo, kisha ubatizo na kofia nyeupe ya kitambaa laini kichwani, kisha ndoa. Baada ya hapo ni ng'ombe wa kukamuliwa kabla ya kupambazuka, kuku, bustani na watoto waliofuatana. Kiangazi alipika matunda na mboga, akazifunga kwenye chupa, mamia ya chupa, ili familia ipate kula wakati wa theluji. Majira ya baridi familia nzima ilikaa kunyofoa majani ya tumbaku kwenye mashina, maana zao la fedha kwa wengi wao lilikuwa tumbaku.

Hapo ndipo linapokuja jambo linalonigusa kuliko yote. Wahubiri wao walipatikana kwa kura. Vitabu vilipangwa mezani, kimojawapo kimefichwa kipande cha karatasi, na kila mwanamume aliyependekezwa akachukua chake. Mwenye karatasi ndiye kura imemwangukia: mhubiri wa maisha yake yote, bila chuo, bila mshahara. Mkewe alikuwa ameketi upande wa wanawake, akitazama kitabu cha mumewe kikifunguliwa. Kuanzia siku ile mume alikuwa na hotuba za kuandaa, wagonjwa wa kutembelea na mazishi ya kuongoza. Ng'ombe nao walitaka kukamuliwa vilevile. Akina mama wachungaji mlioko hapa, hili sina haja ya kuwafafanulia.

Sasa angalieni mwaka 1934 kwa upande wao. Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, bei za mazao zimeanguka. Sadaka za wakulima hao zilitoka kwenye maziwa, mayai na, ndiyo, tumbaku. Akina mama walikuwa na vikundi vya kushona. Walikutana wakashona nguo na mablanketi ya viraka kwa ajili ya misheni na wenye shida. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, vijana wao waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani yao walipelekwa kwenye kambi za kazi za kiraia, kuanzia 1941 hadi 1947, bila malipo. Makanisa ndiyo yaliyobeba gharama za kambi zao, na akina mama wakajaza chupa nyingine zaidi.

Akifa mama huyu, gazeti la kanisa, Gospel Herald, lilichapa tanzia fupi: tarehe ya kuzaliwa, wazazi, mume, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu, na majina ya wahubiri walioongoza mazishi. Mimi nazithamini tanzia hizo. Bila hizo tungekuwa hatuna hata hayo. Lakini humo hamna chupa, hamna sindano, hamna zile asubuhi alizokamua peke yake mumewe akiwa safarini kuhubiri. Naona hilo ni pengo katika historia ya kanisa, huko na hapa kwetu Mara.

Kwa hiyo nimekuja na daftari. Mwenye bibi au mama aliyebatizwa Shirati, Mugango au Bukiroba miaka ile ya mwanzo, tukimaliza chai aje nilipoketi. Nitamwuliza: mama huyo alilima nini, alimlisha nani, na nani alibaki na watoto mume alipokwenda kuhubiri.