Kipepeo Anatafuta Nini? Mhadhara juu ya Kupiga Picha Vipepeo wa Porini

(Ulitolewa Malindi mbele ya wapigapicha, walimu na wanafunzi. Umeandikwa hapa kama ulivyosemwa.)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Walimu wangu, vijana, kina mama na kina baba mliofika jioni hii, ahsanteni sana.

Mtu akisikia kwamba napiga picha vipepeo, swali lake la kwanza huwa: unatumia kamera gani? Nitalijibu, lakini baadaye na kwa ufupi. Swali ambalo nataka tushughulike nalo leo ni hili: kipepeo uliyemwona pale anatafuta nini? Ukilijua jibu utajua akae wapi, saa ngapi, na kwa muda gani, na utakuwa umeshafika kabla yake. Usipolijua utamkimbiza kichakani mpaka uchoke, naye atakwenda zake. Na hata ukibahatika kumpata, picha yako itakuwa na rangi tupu, haina habari yoyote ndani yake.

Tuanze na joto, kwa kuwa kila kitu kinaanzia hapo. Kipepeo hawezi kujitengenezea joto la mwili kama sisi. Misuli ya kifua inayoendesha mabawa inahitaji kufikia karibu nyuzi 30 za Selsiasi ndipo aruke sawasawa, na usiku wa msituni humwacha chini ya hapo. Kwa hiyo asubuhi anatoka alikolala, anatafuta jani lililopigwa na jua, anatandaza mabawa na kutulia. Hapo ndipo mahali pako. Huku pwani, kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, kipepeo anayejianika jua anaweza kukuruhusu usogee hadi hatua moja tu. Kufikia saa nne amekwisha kupata moto, na yuleyule aliyekuwa mpole sasa humsogelei hata kidogo. Mwanga nao unakuwa umeharibika. Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita jua linashuka wima, mabawa yanang'aa kama bati jipya na rangi zote zinakimbia.

Baada ya joto, chumvi. Hili watu wengi hawalijui, na ndilo lililo rahisi kuliko yote. Mvua ikishanyesha, tembea kwenye barabara ya mchanga ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, jua likiwa limerudi. Utakuta mahali ambapo maji yameanza kukauka, au ambapo mnyama amekojoa, pana kundi la vipepeo wamekusanyika bega kwa bega, mirija yao imezama kwenye tope. Wanafyonza madini, hasa sodiamu, kwa sababu mbochi, yaani maji matamu ya maua, haina chumvi ya kutosha. Na wengi wao ni madume. Dume hukusanya chumvi hiyo na kumpa jike pamoja na mbegu wakati wa kupandana, nayo husaidia mayai. Kwa hiyo anayekaa pale ana kazi kubwa kuliko kukuogopa wewe. Lala kifudifudi. Nasema kweli, lala chini, usiiname tu. Kamera ikiwa sawa na macho ya kipepeo, picha inakuwa ya mnyama mwenye uso, mwenye macho na papasi, zile pembe nyembamba za kichwani.

Halafu kuna wale wanaolinda eneo. Yuko kipepeo mmoja, Junonia oenone, mweusi mwenye doa la buluu iliyokolea katika kila bawa la nyuma. Mnamwona kila siku, kwenye njia za shambani, kwenye uwanja wa shule, hata penye kifusi. Dume lake huchagua kipande cha ardhi tupu na kukilinda. Akipita dume mwenzake, huruka kumfukuza. Akimaliza, hurudi karibu palepale alipokuwa. Vijana, huyu ndiye wa kuanza naye. Mnamwona ameruka, mnafadhaika, mnamfuata. Msimfuate! Keti karibu na kile kiti chake, weka kamera tayari, ngoja. Atarudi.

Kuna jamaa wengine ambao ua haliwahusu hata kidogo. Charaxes, wale wanene wenye nguvu, wanaopita juu ya miti kwa kasi utadhani ni ndege mdogo, wanapenda matunda yaliyooza, utomvu wa miti, mavi ya chui na ya fisi. Samahanini wazee wangu, lakini ndivyo ilivyo. Mtu mwenye hamu ya kumpiga Charaxes haendi bustanini. Anachukua ndizi zilizoiva kupita kiasi, anaziponda, anazifunika siku mbili tatu mpaka zianze kunuka kama pombe, kisha anazipaka kwenye shina la mti ukingoni mwa msitu. Kipepeo akishalewa uchachu ule husahau ulimwengu. Chini, kwenye majani makavu, matunda hayohayo yatamleta Euphaedra neophron, mwenye mshipi wa dhahabu kwenye ncha za mabawa na buluu ya zambarau mgongoni. Huyu ni mkaazi wa misitu yetu ya pwani, na mimi nikiulizwa nani mzuri kuliko wote kati ya wale tulio nao, namtaja yeye bila kusita.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye habari moja, kwa sababu hapa ndipo picha inapogeuka kuwa elimu.

Mnamjua Danaus chrysippus, hata kama hamlijui jina. Rangi yake ni ya chungwa, ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye mstari wa madoa meupe, na anaruka polepole, bila haraka, mahali peupe kabisa. Anawezaje kutembea hivyo mbele ya ndege? Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na utomvu ule una sumu inayoshika moyo. Kiwavi hadhuriki nayo, huihifadhi mwilini, na kipepeo anaruka nayo. Ndege akimla hutapika, na siku nyingine akiiona rangi ile humwacha apite.

Katika nyasi zilezile yumo mwingine, Hypolimnas misippus. Jike lake ni la chungwa, lenye ncha nyeusi na mstari wa madoa meupe, na mwendo wake ni uleule wa polepole. Sumu hana. Anaishi kwa sifa ya jirani. Dume lake ndilo la ajabu: ni jeusi, lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayowaka na kuzimika kadiri unavyobadilisha pembe ya kutazama. Ukiwaona mume na mke huwezi kudhani ni wa spishi moja.

Utawatofautishaje wale wawili wa chungwa kwenye picha? Tazama bawa la nyuma. Chrysippus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa. Jike la misippus ana doa moja tu, kwenye ukingo wa mbele. Kwa hiyo picha iliyopigwa vibaya, bawa la nyuma likiwa limefichwa na jani, haiwezi kusema huyu ni nani, hata ingekuwa na rangi nzuri namna gani. Ile iliyoonyesha doa moja imetoa ushahidi.

Na kama hilo halitoshi, ingieni msituni mkamtafute Papilio dardanus. Dume ni la manjano hafifu na nyeusi, lina mikia miwili mirefu. Jike huku kwetu kwa kawaida halina mikia, na lina sura nyingi. Wengine ni weusi na weupe, wanamwiga Amauris niavius, ambaye ana sumu. Wengine wamevaa chungwa, wanamwiga yule Danaus wetu. Mayai ya mama mmoja yanaweza kutoa mabinti wasiofanana. Wanasayansi wamekuwa wakimchunguza kipepeo huyu tangu karne ya 19, na bado tunaye hapa, tunampita tukiwa tunatazama simu. Mwanafunzi atakayekusanya picha za sura zake zote kutoka msitu mmoja atakuwa amefanya kazi ya kuheshimika.

Haya, kamera. Lenzi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 90 hadi 105 inafaa, maana inakuacha mbali kidogo na mdudu. Lenzi ndefu ya milimita 300 nayo inafaa kwa wale waoga. Kasi ya shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, isipungue 1/500 ya sekunde. Kitundu cha lenzi, kile kinachopitisha mwanga, kiwe f/8 hivi. Kanuni moja tu naomba muishike: ukiwa karibu sana, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba mno, kwa hiyo weka uso wa kamera sambamba na mabawa, na jicho la kipepeo lisikose kuonekana kwa ukali. Simu nayo inatosha kwa Junonia na kwa vipepeo walio topeni. Nimeona picha za simu nilizotamani ziwe zangu. Nguo za rangi iliyopoa, mwendo wa taratibu, na kivuli chako kisimwangukie. Kipepeo haoni vizuri vitu vidogo vya mbali, lakini mtikisiko na giza la ghafla huviona upesi sana.

Kuna mazoea ambayo siwezi kuyanyamazia. Wako wanaomkamata kipepeo, wakamtia kwenye friji mpaka apooze, wakamweka juu ya ua na kumpiga picha akiwa hana uwezo wa kuruka, kisha wakaandika kwamba ni wa porini. Huo ni uongo kwa mtazamaji na ni mateso kwa mdudu. Mwenye jicho huutambua, kwani kipepeo huyo huwa juu ya ua asilolinyonya, mrija umekunjwa, miguu haikushika. Wengine hukata matawi ili mwanga uingie, na tawi lililokatwa pengine ndilo lililobeba mayai. Msifanye hivyo. Na mnapokwenda kwenye hifadhi, lipeni kiingilio na mchukueni mwongozaji wa hapo. Anajua mti gani umetoa maua wiki hii.

Asiyeweza kufika msituni aanze nyumbani. Mwenye mchungwa au mdimu uani anaye Papilio demodocus, na hana habari. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, ndege wakampita. Akikua hugeuka kijani, rangi ya majani. Mguse kwa upole, atatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mnaweza kupiga maisha yake yote, yai hadi kipepeo, bila kuvuka barabara. Kina mama, nawaomba msiwapulizie dawa wote. Mti mkubwa hauangamizwi na viwavi wachache.

Nije kwenye sababu inayonifanya niisemee kazi hii hadharani, ingawa wengi wanaiona ni burudani ya wikendi. Arabuko-Sokoke ni takriban kilomita za mraba 420. Ni kipande kikubwa kilichobaki cha msitu uliowahi kufuata pwani hii, na spishi za vipepeo zilizoandikwa humo zinapita 250. Mwaka 1993, pale Gede, ulianzishwa mradi wa Kipepeo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakati ule wakazi wengi wa pembezoni waliona msitu ni makao ya tembo na nyani wanaokula mahindi yao, na walitaka ardhi. Mradi ukawafundisha kufuga viwavi na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, kwa bustani za maonyesho ng'ambo. Pupa haipatikani bila mama wa porini wa kutaga, na mama hapatikani bila msitu, kwa hiyo msitu uliosimama ukawa na bei mfukoni mwa mkulima.

Sisi wapigapicha tuna sehemu yetu katika hesabu hiyo. Spishi ikitoweka mahali fulani, nani atasema ilikuwapo? Atakayesema ni mwenye picha iliyoandikwa tarehe na mahali. Kwa hiyo kila mnapopiga, mkipata nafasi, pigeni pande zote mbili, mabawa yakiwa yamefunguka na yakiwa yamefungwa. Spishi nyingi, hasa wale wadogo wa buluu, hutambulika kwa upande wa chini. Pigeni na mmea aliokuwa juu yake, hata kama picha ni mbaya. Kama alikuwa anataga, andikeni. Halafu ipelekeni kwenye iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe, ambako wajuzi huthibitisha jina, na kumbukumbu yenu ikatumiwa na watafiti. Msifute picha ya kipepeo mwenye bawa lililochanika. Mkato wenye umbo la mdomo wa ndege unaeleza jinsi alivyoponea, na mara nyingi utauona kwenye mkia au penye doa lililofanana na jicho, yaani palepale ndege alipodanganywa adonoe.

Masika yakipungua, kuanzia mwezi wa Juni, majani yakiwa bado mabichi, tutakwenda pamoja, tuanzie barabara ya mchanga upande wa Gede. Wanaotaka waandike majina yao kwenye daftari lililo mlangoni. Ahsanteni. Sasa nipo kwa maswali.