Chaji haiishi

Naomba feni zizimwe kwanza. Najua ni joto, Tanga hii tena saa tisa mchana, lakini vipande vyangu vya karatasi vitapeperuka, mseme mzee kaja na mazingaombwe yamemshinda. Ahsanteni.

Waliosoma kwangu wanajua nitaanzia wapi. Naona mmoja pale keshaanza kucheka. Cheka, nasema tena: chaji haiishi.

Juzi mjukuu wangu kaja na simu mkononi, kanywea. "Babu, chaji imeisha." Nikamuuliza, imekwenda wapi? "Imeisha tu, Babu." Haiwezi kuisha tu, nikamwambia. Sukari ikiisha koponi, imo matumboni mwetu. Hiyo chaji kaila nani? Akafikiri, akasema imeliwa na video. Nikasema basi tuipasue hiyo video tuikute. Mama yake akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba, mwache mtoto achaji simu!" Nikamwacha. Nyinyi siwaachi, mmekuja kwa miguu yenu.

Betri iliyojaa na betri iliyokwisha, chaji zao ni sawasawa. Hesabu chanya, hesabu hasi, toa, unapata sifuri huku na sifuri huku. Simu ikiwaka, elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, zinatoka ncha hasi ya betri, zinapita ndani ya simu, zinaingia ncha chanya, idadi ile ile. Waja leo waondoka leo, kama wenyewe tunavyojiita. Kinachopungua ni nishati ya kemikali iliyokuwa ikizisukuma. Wengi wenu mmekuja na baiskeli. Mnyororo unazunguka kutoka Ngamiani mpaka Raskazone. Ukifika umepungua kipande? Miguu ndiyo iliyochoka. Ukishakula wali na samaki ukapata nguvu ya kurudi, hukula vipande vya mnyororo. Basi na kuchaji simu ndiyo hivyo: unailisha miguu, mnyororo ni ule ule.

Mtaniambia, "Mwalimu, mbona betri imeandikwa 5000 mAh, si ndiyo chaji hiyo?" Ndiyo, lakini hiyo ni hesabu ya chaji itakayopita, siyo iliyolundikwa humo. Ukipiga hesabu ni kulombi 18,000, kulombi ndiyo kipimo cha chaji. Sasa chukua kulombi moja tu ya ziada uiweke kwenye mpira, nyingine kwenye mpira mwingine, mita moja katikati. Zitasukumana kwa kani ya nyutoni bilioni 9. Huo ni uzito wa tani laki tisa! Niambieni ni meli gani imewahi kutia nanga bandarini kwetu ina uzito huo. Simu yenye kulombi 18,000 za ziada ingejipasua kabla hujaishika, maana chaji za aina moja hazikai pamoja. Kwa hiyo mtu akiniambia simu yake imejaa chaji, mimi nasogea pembeni.

Na nimesema kani, sikusema nguvu. Mtaani nguvu ni kila kitu: nguvu ya hoja, nguvu za jeshi, nguvu za kiume... Msicheke. Kwenye fizikia, kinachovuta na kusukuma ni kani. Tuendelee.

Hili ni bomba la plastiki la fundi maji, na hiki ni kipande cha blanketi la sufu. Jana nyumbani lilikataa kabisa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Bomba linashika utando mwembamba wa maji, chaji inateleza inakimbilia mkononi. Ndiyo maana leo nimelianika juani tangu asubuhi kama dagaa. Nasugua. Elektroni zinatoka kwenye blanketi zinahamia kwenye bomba. Sikutengeneza hata moja: bomba limepata, blanketi limepungukiwa, ukijumlisha ni sifuri ile ile. Sasa angalieni karatasi... Haya! Zimeruka.

Lakini karatasi haina chaji ya ziada, inavutwaje? Bomba ni hasi, linazisogeza elektroni za karatasi upande wa mbali, kidogo tu, upande wa karibu unabaki chanya. Wa karibu unavutwa kuliko wa mbali unavyosukumwa, kwa sababu umbali una hesabu yake. Coulomb, Mfaransa, aliipima mwaka 1785 kwa mizani ya waya mwembamba unaojipinda: ongeza umbali mara mbili, kani inabaki robo, mara tatu, moja ya tisa. Na mmekiona hicho kimoja? Kimegusa bomba, kikakaa, halafu kikarushwa. Kimeshapokea elektroni, sasa wote hasi, kinafukuzwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona, naona.

Uga, basi, haraka. Uga wa nyumba mnaujua, ngoma huchezwa hapo, na upo hata wachezaji hawajafika. Uga wa umeme ndio huo. Bomba lina uga wake kabla karatasi haijaletwa. Karatasi ikiingia inakuta kani inaisubiri. Unapimwa kwa nyutoni kwa kila kulombi. Mistari ya Faraday, ile tunayochorea uga, inatoka chanya kwenda hasi, ipo vitabuni, someni. Uga ukifika nyutoni milioni 3 hivi kwa kila kulombi, hewa kavu inasalimu amri, unaona cheche. Radi naiacha. Nilitaka pia kuwaambia habari ya kaharabu, ile ya tasbihi, kwamba Wagiriki waliiita elektron na Waarabu mpaka leo umeme wanauita kwa jina lake. Niulizeni nje.

Swali moja. Wewe binti uliyevaa mtandio wa kijani. Anauliza, "Sasa simu ikizimika nisemeje?" Mwambie mama "chaji imeisha" akuelewe, mwanangu, upate na hela ya kwenda kuchaji. Kwenye karatasi ya mtihani andika nishati ya betri imepungua.

Washeni feni. Hizo karatasi ziacheni ziruke, nitaziokota.