Vimeng'enya vya Kuunda DNA Ogani Inapokua

Ndugu wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu,

Nianze na panya wa maabara, kwa sababu sehemu kubwa ya ujuzi wetu wa jinsi vimeng'enya vya kuunda DNA vinavyopanda na kushuka ogani inapokua umetoka kwake. Anapozaliwa, seli nyingi za neva katika ubongo wake mkubwa zimekwisha kuacha kugawanyika, na utendaji wa jeni ya polimerasi alfa, kimeng'enya kinachoanzisha unakili wa DNA, umeshuka sana. Serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, ndani ya fuvu hilohilo, ina ratiba yake: seli za tabaka lake la nje huendelea kugawanyika kwa takriban wiki tatu baada ya kuzaliwa, na polimerasi alfa hushuka kadiri tabaka hilo linavyotoweka. Anayesaga ubongo mzima na kupima wastani wake, kwa maoni yangu, anajisumbua bure.

Swichi inayowasha na kuzima jeni hizi inafahamika vizuri. Protini iitwayo Rb huishikilia E2F, protini nyingine inayowasha jeni. Seli inapojiandaa kugawanyika, Rb hutiwa fosfeti, ikaiachia E2F, nayo ikaziamsha kwa pamoja jeni za polimerasi alfa, za kinasi ya timidini, na za reduktasi ya ribonukleotidi, vimeng'enya viwili vinavyoandaa malighafi ya DNA. Seli ikiacha kugawanyika, jeni hizo hulala. Katika ini usingizi huo ni mwepesi: panya mzima akikatwa theluthi mbili za ini, seli zilizobaki huziamsha tena, na uundaji wa DNA hufika kilele baada ya saa 24 hivi. Moyoni usingizi ni mzito, ndiyo maana jeraha la moyo wa mtu mzima huzibwa na kovu.

Hata hivyo, si vimeng'enya vyote vinavyolala. Polimerasi beta hubaki ikikarabati DNA iliyoharibika, na polimerasi gama huendelea kunakili DNA ya mitokondria hata katika neva isiyogawanyika kamwe. Malighafi ya kazi hiyo huandaliwa kwa msaada wa p53R2, aina ya kipande cha reduktasi kisichotegemea mgawanyiko wa seli. Umuhimu wa p53R2 huonekana kwa watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni yake, RRM2B: misuli yao hupungukiwa DNA ya mitokondria, hulegea, na wengi wao hufariki wakiwa wachanga, ingawa ogani zao zilijengwa tumboni bila kasoro ya unakili wa DNA ya kiini.